Mita Iliyoshindwa Kura

Jumanne asubuhi Shangazi aliipandisha betri ya boti mlimani kwa toroli, ameifunika taulo kama mtoto aliyeamka na homa. Njia nzima watu walikuwa na maneno.

"Shangazi, mgonjwa anaendeleaje?"

"Kalala vizuri, kuamka ndiyo kashindwa."

"Mnampeleka kuzikwa?"

"Kupimwa. Kuzikwa utatangulia wewe na maswali yako."

Mimi nilishika upande wa kushoto wa toroli, maana abiria asiye na boti hana kazi nyingine. Boti yenyewe inaitwa *Haraka ya Nini*. Huvusha watu kwenda ng'ambo mara nne kwa siku, na alfajiri ya Jumatatu ilikuwa imelitendea haki jina lake: nahodha alizungusha ufunguo, stata ya kuamshia injini ikasema "tk" mara moja, ikanyamaza. Abiria wenzangu walihamia boti nyingine huku wakinung'unika. Mimi nilibaki. Nimepita magati mengi, na kila gati nimekuta mtu mmoja ambaye vitu vikiharibika watu hugeuka kumtazama yeye. Pale walimgeukia mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye gati zima lilimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri.

Alikuwa fundi umeme wa boti ile tangu siku ilipotiwa waya wa kwanza. Yeye na marehemu mumewe waliifunga pamoja miaka thelathini iliyopita. Watu waliamini mume alifunga nyaya na mke alishika tochi. Mambo yalikuwa kinyume, na marehemu mwenyewe alilisema hilo kila alipopata wasikilizaji. Sasa boti ilikuwa mikononi mwa mdogo wa marehemu, yaani shemeji yake, nahodha mwenye sauti kubwa na shati jeupe lenye mabega ya dhahabu na makunyanzi kama karatasi iliyookotwa.

Kifaa cha Shangazi kilikuwa kimoja: balbu ndogo ya taa ya nyuma ya pikipiki, iliyounganishwa nyaya mbili, ikikaa ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Aliiita Shahidi. Ncha moja hapa, ncha nyingine pale. Shahidi akiwaka mweupe, umeme upo. Akiwaka rangi ya chai, umeme ni dhaifu. Akiwa mwekundu, mtu anakata roho. Kwa balbu ile alikuwa ametibu boti zote za gati.

Lakini ugonjwa huu ulimshinda. Betri ilikuwa ya miezi mitano tu. Akiichaji nyumbani inarudi na nguvu, boti inafanya kazi siku tatu, ya nne haiwaki, na kila mara siku hizo zilizidi kupungua. Na Shahidi popote alipoitwa alitoa ushahidi uleule: kwenye betri anawaka, kwenye pampu anawaka, kwenye dinamo inayozalisha umeme injini ikizunguka anawaka.

Jumatatu shemeji alikuwa amesema maneno mbele ya gati zima.

"Shemeji, Ijumaa mkaguzi anakuja. Atataka injini iwake mbele ya macho yake. Atamwaga ndoo ya maji tumboni mwa boti aone pampu ikiyatoa yenyewe. Ikigoma, boti inafungwa kamba, na sisi sote tunakaa hapa kuhesabu ndege. Nakupa mpaka Alhamisi jioni. Baada ya hapo namwita yule fundi wa mjini mwenye kompyuta."

"Mwite," Shangazi alijibu. "Kompyuta yake nayo itataka betri."

Watu walicheka. Jioni ile nilipokwenda kulipia chumba nilichopanga uani kwake nilimkuta kakaa kibarazani, kopo lile mapajani, hajalifungua.

"Miaka thelathini," alisema bila kunitazama. "Akija mtu mwingine kufungua zile nyaya, atakuta mafundo niliyofunga na mume wangu. Atayakata kwa koleo, atayatupa majini. Hatajua." Kisha akaligonga kopo kwa ukucha. "Huyu anajua ndiyo na hapana tu. Mimi sasa nataka kujua *ngapi*. Kesho nanunua mita."

Ndiyo maana tulikuwa tunasukuma toroli.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa jembamba kama behewa la treni, nyaya za rangi zote zikining'inia darini, na mwenyewe akiitwa Bwana Orijino, kwa kuwa hapakuwa na kitu dukani kisichokuwa orijino, hata kigoda chake cha miguu mitatu kilichoanza maisha na minne. Ndani walikuwamo fundi redio, fundi cherehani aliyekuja kutafuta swichi, na bwana mmoja mwenye mwavuli ambaye sikuwahi kujua alikuja kufanya nini.

"Nataka mita ya kupimia umeme wa boti," Shangazi alisema. "Na sinunui kipimo ambacho hakijapimwa."

Akaniashiria. Tukainyanyua betri, tukaiweka juu ya meza ya kioo. Kioo kikalia.

"Shangazi, meza yangu!"

"Si orijino? Itavumilia."

Bwana Orijino alitoa mita tatu: ya bluu, nyeusi na ya njano. Zote zilikuwa na kioo cha namba, kitasa cha kuzungusha katikati, na nyaya mbili zenye ncha za chuma, nyekundu na nyeusi. Shangazi alizungusha kitasa cha ya kwanza mpaka kwenye volti, akagusa vichwa vya betri. Mita ya bluu ikasema kumi na tatu nukta moja. Nyeusi ikasema kumi na tatu nukta moja. Ya njano ikasema kumi na mbili nukta mbili.

Betri ni moja, majibu mawili.

"Rudia," alisema fundi redio.

Alirudia. Yaleyale.

"Basi njano ni mbovu," alisema fundi cherehani. "Wawili wameona kitu kimoja, wa tatu anasema lake. Nyumbani kwangu huyo angepigwa."

"Halafu tazameni hapa," Bwana Orijino akainama juu ya mita ya bluu, sauti ikishuka kama anayeonyesha mtoto aliyelala. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na kipicha kidogo cha betri, kinawaka na kuzima. Akaivuta nyeusi: kipicha kilekile. Akaivuta njano: pembe tupu. "Mmeona? Hizi mbili ni za kisasa. Zimetambua zenyewe kwamba zinapima *betri*! Hii ya njano haijui hata imeguswa na nini."

"Loo!" alisema mwenye mwavuli.

"Ina akili," alikubali fundi redio, ambaye, kwa kazi yake, alipaswa kuwa wa kwanza kunyamaza.

"Pigeni kura," alisema Bwana Orijino, akichangamka. "Wanaosema bluu?"

Mikono minne ilinyanyuka, ukiwamo wangu. Nakiri. Nasoma maandishi ya vifaa katika lugha tano, na sikuwahi kujiuliza kile kipicha kinasema nini.

Shangazi aliitazama ile ya njano kwa muda. Nadhani kitu kilimsumbua. Lakini Alhamisi ilikuwa karibu, na watu wanne wenye uhakika ni mzigo mzito kwa mtu mwenye shaka moja. Alinunua ya bluu.

Jumatano ilipotea yote. Boti iliwaka, maana betri ilikuwa imetoka kuchajiwa, ikaenda na kurudi, na Shangazi akapima injini ikiwa inazunguka. Mita ya bluu kwenye betri: kumi na tatu nukta tatu. Alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dinamo inapeleka chakula," aliniambia. "Kidogo, lakini inapeleka. Basi mwenye kosa ni stata, inakula kuliko inavyopewa."

Akaishusha stata. Kwa asiyejua, hiyo ni kazi ya kulala kifudifudi juu ya injini yenye moto, mkono umeingia mahali ambapo mkono haukukusudiwa kuingia. Aliifungua, akaisugua, akaibadilisha brashi, akaipaka grisi, akairudisha. Muda wote ule nahodha alikaa kwenye kiti chake cha usukani akitoa ushauri. Alikuwa anakipenda sana kile kiti. Alikisogeza nyuma mwenyewe miezi mitatu kabla, apate kunyoosha miguu, na asubuhi za baridi hakuna aliyeweza kumwinua hapo.

"Njoo ukae uone, msafiri," aliniita. "Kina baraka hiki. Kina joto lake."

Nikakaa. Kweli, kilikuwa na joto la kupendeza, kama paka ametoka kuinuka.

"Ni makalio yako hayo, shemeji," alisema Shangazi kutoka chini ya sakafu. "Yaache yapoe."

Alhamisi asubuhi, ufunguo. "Tk."

Hakuna aliyecheka. Nahodha alitoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. "Jioni," alisema, kwa upole uliouma kuliko kelele. "Nilisema jioni, shemeji."

Shangazi aligusa betri kwa mita ya bluu: kumi na mbili nukta sita, namba ya betri nzima. Akafungua kopo lake, akamtoa Shahidi, akagusa palepale. Balbu ikawaka rangi ya chai iliyotiwa maji mara mbili.

Alikaa kwenye benchi la abiria, mita goti la kulia, balbu goti la kushoto, kama mama mwenye watoto wawili wanaoshtakiana. "Mmoja wenu mwongo," alisema. "Na huyu ninamjua miaka thelathini."

Ndipo alipoiona. Mita ilikuwa imelala gotini pake, ncha zake zikining'inia hewani, haigusi kitu. Na kwenye pembe ya kioo kile kipicha cha betri kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

"Msafiri," aliniita polepole. "Huyu hapa ametambua betri gani?"

Hakungoja jibu. Alichukua bisibisi, akafungua mgongo wa mita. Ndani mlikuwa na betri yake mwenyewe, ya mraba, imevimba tumbo na kutoa ukoko mweupe. Kipicha hakikuwa kikisema "ninapima betri." Kilikuwa kikisema, siku tatu mfululizo, "betri *yangu* inakufa." Na mita yenye njaa hukuza namba. Yeye mwenyewe alinieleza hivyo baadaye, kwamba mwenye njaa akipewa kipande huona mkate mzima.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikamtoka na kuning'inia kwenye uzi wake. "Tumepiga kura!" alisema. "Watu wazima! Mita imelia njaa mbele yetu, sisi tukaisifu ina akili!"

Kisha akanyanyuka, na safari hii mlima tuliupanda bila toroli, karibu tukikimbia.

Juu ya mlango wa Bwana Orijino kulikuwa na kibao: KILICHOUZWA HAKIRUDI. Shangazi alipita chini yake kama mtu asiyejua kusoma.

"Fungua migongo," alisema. "Zote tatu."

"Shangazi, hizo ni orijino, zikifunguliwa..."

"Bwana wewe, nina mpaka jioni. Fungua."

Akafungua. Ya bluu na nyeusi zilitoka katoni moja lililokaa dirishani juani, na betri zao zilikuwa zimevimba kama mapacha. Ndiyo maana zilikubaliana: wawili wameona kitu kimoja kwa sababu wote wawili walikuwa na homa ileile. Bwana Orijino alitia betri mpya katika ile ya bluu, akapima betri ya pikipiki iliyokuwa pembeni, kisha akapima kwa njano. Zikasema sawasawa.

"Umeona?" akapumua. "Haikuwa mwongo, maskini. Ilikuwa na njaa tu."

"Shahidi mwenye njaa simpeleki mahakamani. Na hapa pana nini?" Ukucha wake ulikuwa ndani ya tumbo la bluu, kwenye vikucha viwili vya shaba visivyoshika kitu.

"Hapo... hukaa fyuzi."

"Imekwenda wapi?"

"Imetoka kiwandani hivyo."

"Orijino." Aliigeuza ya njano. Fyuzi mbili zilikuwa zimelala mahali pake kama mayai. "Siku nikikosea tundu la kuchomekea waya, nataka ife fyuzi, nisife mimi." Akagusisha ncha zake mbili, mita ikapiga mlio mkali, fundi wa viatu upande wa pili wa barabara akainua kichwa. "Na huu nitausikia hata injini ikinguruma." Akavua miwani, akaishika mita mbali na uso. "Na namba naziona. Nipe hii."

"Lakini hiyo ilishindwa kura, Shangazi."

"Ndiyo nzuri. Haijazoea kusifiwa."

Tuliazima betri gatini, tukaiwasha injini. Mita ya njano kwenye betri ya boti: kumi na mbili nukta nne. Shangazi akaingiza mkono penye dinamo: kumi na nne nukta moja.

Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kumshtua ndege: "Dinamo inatoa kumi na nne. Betri inapokea kumi na mbili na kidogo. Volti karibu mbili zinaondoka nyumbani na hazifiki dukani. Njiani kuna mtu."

Nyaya za mita hazikufika kutoka dinamo hadi betri. Akamvunja Shahidi: alifungua nyaya zake mbili kutoka kwenye balbu, akaziunganisha na ncha nyekundu. Ncha moja kwenye dinamo, nyingine kwenye kichwa cha betri. Moja nukta saba. Akaanza kuufuata waya wa kuchajia chini ya sakafu, akifunua ubao mmoja baada ya mwingine, akigusa kila penye kiungo. Sifuri nukta moja. Sifuri nukta moja. Ubao uliofuata ulikuwa chini ya kiti cha nahodha, na nahodha alikuwa juu yake.

"Simama, shemeji."

"Hapo hapana kitu. Nimekifunga mwenyewe."

"Ndiyo maana nakwambia simama."

"Shemeji, hiki kiti..."

"Nyanyua baraka zako!"

Alisimama. Alisimama kama mtoto anayeambiwa afungue kiganja. Shangazi alilegeza skrubu, akainua kiti, akainua ubao. Waya mnene mwekundu aliouweka na mumewe ulikuwa umekatwa pale ambapo skrubu ya mguu wa kiti ilipita. Kati ya vipande viwili pakaungwa waya mwembamba wa kitambaa cha mistari myeusi na myeupe, umesokotwa kwa vidole na kuviringwa tepu. Tepu ilikuwa imeyeyuka. Shaba ilikuwa na ukungu wa kijani. Aliugusa, akarudisha mkono haraka.

"Una joto," alisema.

Nilikitazama kiti, nikamtazama nahodha.

"Shemeji," alisema Shangazi, taratibu kabisa, "miezi mitatu umekuwa ukichajia makalio."

"Nilikata kwa bahati mbaya! Ningekuambia, ungenicheka."

"Ningekucheka siku moja! Sasa nitakucheka mpaka uzeeni." Akaugeuza ule waya wa mistari mkononi, akaujua. Macho yakapanda polepole kutoka kwenye waya hadi kwenye shati jeupe lenye makunyanzi. "Huu si waya wa pasi ya mkeo?"

Nahodha alitazama maji.

"Na yeye anapekua nyumba nzima! Amenituhumu *mimi* kwamba nimeuazima!"

Kabla jua halijashuka alikuwa ameweka kipande kipya cha waya mnene, amekibana vizuri kwa vichwa vya shaba, amekipaka grisi, amekipitisha mbali na skrubu zote. Mafundo ya zamani hakuyagusa. Injini ikazungushwa. Mita ya njano kwenye betri: kumi na tatu nukta tisa. Alinipa nisome mwenyewe, halafu akampa nahodha asome kwa sauti, mara mbili, na simu yake ikiwa mfukoni.

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa mbili, mwanamke mfupi mwenye ubao wa kuandikia na buti za mpira. Alimwambia nahodha awashe. Injini ikashika kabla ufunguo haujamaliza kuzunguka. Akamwaga ndoo tumboni mwa boti. Boya linaloiwasha pampu likainuka na maji, pampu ikanguruma, maji yakaruka nje ubavuni na kulowesha buti zake, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akapekua karatasi.

"Fundi wa umeme wa chombo?"

Nahodha alikuwa amevaa shati lilelile jeupe, safari hii limenyooka kama ubao. Alinyoosha mkono, na ile sauti yake kubwa ikasikika hadi mwisho wa gati.

"Huyu hapa. Shemeji yangu. Andika, na usiache nafasi ya mtu mwingine."

Tuliondoka saa tatu, nami hatimaye nikielekea ng'ambo. Asubuhi ilikuwa na baridi. Nahodha alikaa, akasogea kushoto, akasogea kulia, akasimama, akakaa tena.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hiki kiti kimeharibika."

Shangazi, aliyekuja kwa safari hiyo moja kuhakikisha, alitoa mita ya njano kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, ambamo sasa ilibanana na balbu iliyorudishiwa nyaya zake. Akaweka ncha nyekundu upande mmoja wa kiti na nyeusi upande wa pili, akasoma kwa makini mbele ya abiria wote.

"Sifuri nukta sifuri, nahodha," alisema. "Nunua mto."